Rangi ya tangi la Boxer inababuka mdomoni, nataka kuirudia mwenyewe kwa makopo ya kupuliza: naomba ushauri

Msafiri_wa_Barabarani
Wakuu, habari za jioni. Pikipiki ni Boxer 150. Tangi ni chuma, kava mbili za pembeni na madigadi ya mbele ni plastiki. Tangi liliwahi kupulizwa rangi ya kopo juu ya ile ya kiwandani. Sasa kuzunguka mdomo wa kujazia mafuta rangi imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka, ukiipitisha ukucha inabanduka laini. Ubavuni kuna kibonyeo cha ukubwa wa kidole gumba, na chini karibu na koki kuna kutu. Nataka nyeusi ya kung'aa, kazi nifanyie nyumbani, kompresa sina. Nikwangue yote au nipige juu? Makopo mangapi? Na kwa nini petroli inaila rangi hiyo?

Msasa400
Mkuu, swali lako la mwisho ndilo linaloamua mengine yote, kwa hiyo naanza nalo. Rangi nyingi za kopo hukauka kwa thina kuruka hewani tu. Thina ikiondoka, rangi inabaki, basi. Petroli nayo inayeyusha vitu kama thina, hivyo ikidondokea hapo mdomoni kila unapojaza, rangi inalainika upya. Ile ya kiwandani imeokwa kwa joto na imeshikana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana haiyeyuki.

Pima hivi: lowesha pamba kwa thina, sugua sehemu moja kwa nusu dakika. Pamba ikichafuka rangi na uso ukawa unanata, hiyo ni ya kopo, iondoe yote. Ukifika kwenye rangi ambayo pamba inatoka safi, hiyo ni ya kiwandani. Iache. Ni msingi mzuri kuliko praima (rangi ya msingi) yoyote utakayonunua, ikwaruze tu kwa msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao wote ufe.

Kabla ya hapo mwaga petroli yote, toa koki na mfuniko, acha tangi wazi kivulini siku nzima, kisha lisuuze ndani kwa maji ya sabuni na ulikaushe vizuri. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Jiko la mkaa, la gesi, sigara, grainda, vyote viwe mbali. Msasa wa mkono na maji vinatosha.

Kutu ya pale koki: namba 120 mpaka uone chuma cheupe. Ukiona vitundu vyeusi, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, tangi limetoboka, na hakuna rangi inayoziba tundu. Lipeleke kwa fundi wa matangi kwanza.

Kibonyeo kijaze kwa pati, ile lahamu nzito ya kujazia mabonyeo. Pati kiasi cha yai kwa hadina (dawa ya kuigandisha) kiasi cha harage dogo, changanya mpaka rangi iwe moja bila mistari. Hadina ikizidi, inakauka kabla hujamaliza kusambaza, na baadaye inaweza kutoa doa juu ya rangi. Isawazishe kwa 180, malizia na 320. Usitumie maji kwenye pati, inanyonya, na unyevu huo utatoka kama malengelenge wiki chache mbele.

Dada_wa_Praima
Naongezea upande wa plastiki, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza makopo. Geuza kava uangalie mgongoni, kuna maandishi madogo yaliyochongwa. Hayo yanataja aina ya plastiki. Ikiwa ni ABS, msasa 600, osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, pulizia praima ya kawaida. Ikiwa ni PP, rangi haishiki kabisa bila praima maalumu ya plastiki, mkono mmoja (tabaka moja) mwembamba kabla ya chochote. Ukiiruka, kava itamenyeka vipande kama ganda la yai mara tu jiwe litakapoigonga. Na plastiki usiifute kwa thina, inayeyuka na kubaki na alama. Tumia spiriti.

Jambo jingine: kama pikipiki imewahi kupakwa ile dawa ya kung'arisha matairi na plastiki, ina silikoni. Rangi itakimbia na kuacha vijicho vidogo vya mviringo. Osha mara mbili, na kitambaa cha mara ya pili kiwe kipya. Baada ya hapo usiguse kwa mikono mitupu, mafuta ya vidole yanatosha kuharibu.

Msasa400
Sahihi kabisa dada.

Makopo, kwa vifaa hivyo vinne na makopo ya ml 400: praima 2, nyeusi 3, klia (ile ya juu isiyo na rangi, ya kulinda na kung'arisha) 2. Klia ndiyo usibanie. Nunua ile yenye hadina ndani yake, ina kitufe chini ya kopo. Ukikibonyeza, hadina inaingia kwenye klia, tikisa dakika mbili, na tangu hapo una kama siku moja tu kabla haijaganda kopo zima. Kwa hiyo usikibonyeze mpaka vifaa vyote vinne viwe tayari vimepigwa rangi.

Kupuliza: tikisa kopo dakika mbili tangu gololi ianze kulia. Umbali sm 20 hadi 25. Anza kubonyeza nje ya kifaa, pita sambamba, achia nje upande wa pili, kila mpito uufunike uliopita nusu. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, chuma kionekane bado. Wengi hutaka kufunika kwa mkono mmoja, matokeo yake ni machozi, yaani rangi inatiririka. Subiri dakika 10 hadi 15, mkono wa pili, kisha wa tatu. Nyeusi inaonyesha kila mkwaruzo, hivyo praima ikikauka ipitishe 600 ya maji kabla ya rangi.

Msafiri_wa_Barabarani
Asanteni sana. Klia ya hadina nimeiulizia, bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Siwezi kupiga ya kawaida mikono mingi? Halafu huku pwani mvua zinanyesha, inakauka kweli?

Klia_na_Hadina
Mkuu, ya kawaida hata mikono kumi italainika palepale. Ukibana bajeti, piga ya kawaida kwenye kava na madigadi, ya hadina weka kwenye tangi peke yake, kopo 1. Tena paka ndani ya ukingo wa mdomo, chini ya mfuniko unapokaa, maana petroli huanzia pale kupenya.

Lakini hadina hiyo ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaumiza mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii. Vaa ya vichungi vya mkaa kwa mvuke wa rangi, glovu, miwani, na upulizie nje, watoto wawe mbali. Huna barakoa hiyo? Mpelekee fundi mwenye chumba cha rangi apige klia tu, maandalizi umeshafanya mwenyewe.

Kuhusu mvua: thina ikiruka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unaganda juu yake, nyeusi inageuka kijivu yenye ukungu. Chagua siku kavu, saa nne hadi saa sita asubuhi, kivulini. Juani nako hapana, rangi inakauka kabla ya kutua na uso unakuwa mkavu kama msasa.

Msasa400
Na muda wa kurudia, ufuate ulioandikwa kwenye kopo. Makopo mengi husema rudia ndani ya saa moja au subiri saa 24 au zaidi. Ukipiga katikati ya hapo, thina mpya inaila rangi ya chini iliyokauka nusu, inajikunja yote, na unarudi kwenye msasa.

Ili nozeli isizibe, kila ukimaliza kupuliza pindua kopo kichwa chini, puliza mpaka itoke hewa tupu.

Dada_wa_Praima
Angalia pia kadi ya pikipiki, rangi imeandikwa. Kama siyo nyeusi, taarifu mabadiliko usije ukasumbuliwa barabarani.

Msafiri_wa_Barabarani
Ni nyekundu kwenye kadi, nitashughulikia. La mwisho: klia ikikauka, petroli niweke lini?

Klia_na_Hadina
Itashikika siku hiyohiyo lakini haijakomaa. Ngoja siku 7. Polishi ngoja mwezi. Siku ya kujaza, zungushia kitambaa mdomoni, na ikidondoka futa palepale kwa kugandamiza, usisugue.