Injini mbovu: muuzaji alazimishwe kusema, au mnunuzi ajitazamie mwenyewe?

Mwenye mada, Kisauni

Ndugu zangu, nina shilingi 280,000 na moyo umegawanyika. Shemeji yangu wa Bamburi anauza Toyota Probox ya 2011 kwa pesa hizo hizo. Ingekuwa nzima ingeuzwa zaidi ya maradufu, na mwenyewe kanieleza sababu ya bei: injini inachemka. Akifika kwenye foleni ya daraja la Nyali, taa nyekundu ya joto inawaka. Alinipakia tukaenda, nikaiona.

Juma lilo hilo nilikwenda kutazama nyingine kwenye uwanja mmoja wa magari. Huko walitaka 560,000. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaweka mkono juu ya boneti, ina moto. "Tumeisogeza tu," nikaambiwa. Kusogezwa hatua ishirini kunapasha injini moto hivyo, au iliwashwa mapema ili nisione dalili zake ikiwa baridi? Na karatasi ya mauziano ilikuwa na mstari mmoja mzito: gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo.

Hoja yangu: sheria imlazimishe kila muuzaji wa gari lililotumika aandike ugonjwa wa injini anaoujua, na akificha, ule mstari usimkinge. Nyinyi mwasemaje?

Fundi, Changamwe

Mwanangu, nianze na huko kuchemka kwenyewe. Magari mengi ya Mombasa yanauawa na maji. Watu wanajaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi inakula vijibomba vya rejeta na pampu mpaka maji hayazunguki. Kisha anakuja fundi wa haraka, anang'oa themostati, kile kidude kinachoruhusu maji yazunguke kwa kadiri ya joto, ati pwani kuna joto haihitajiki. Gari linatulia wiki mbili tatu, mwenyewe anafurahi, na ugonjwa uko pale pale.

Hiyo Probox ina hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ya alumini. Alumini ikizidiwa na moto inapinda, gasketi inayoziba chini yake inaungua, maji na oili vinakutana. Kwa hiyo hoja si kuchemka tu, ni kuendeshwa huku inachemka. Muulize shemeji yako imechemka mara ngapi naye akaendelea kuendesha. Nenda alfajiri kabla haijawashwa, na umwombe asiiguse. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua rejeta ikiwa baridi kabisa, iwashwe, utazame kama mapovu yanapanda bila kukoma. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayoungua ndani. Wa bluu ni oili. Halafu mlipe mtu apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, huenda gasketi imekwenda hapo katikati.

Ikiwa ni rejeta na themostati tu, umeokota dodo chini ya mnazi. Hedi ikiwa imepinda, isawazishwe kwa mashine, na hapo hesabu nyingine. Ikiwa imepasuka, mwachie gari lake.

Kuhusu sheria, naona uzito. Wateja wangu wengi hawajui gari lao linaumwa nini. Utamshtaki mtu kwa asilolijua?

Dalali, Tudor

Kakangu mwenye mada, mimi nauza magari kwa kamisheni, na sioni haya kulisema. Gari kuukuu linauzwa rahisi kwa sababu mnunuzi amekubali kubeba mzigo. Akilipa nusu bei na bado anataka dhamana, hiyo si biashara. Sijawahi kumkataza mtu kuja na fundi wake. Wengi wanaona uchungu kumlipa fundi 3,000 kabla ya kutoa laki tano!

Na mkilazimisha kuandika, muuzaji atajikinga: ataandika magonjwa ishirini, hata yasiyokuwapo, na karatasi itakosa maana. Au atapandisha bei, na atakayekosa gari ni mtu wa kipato kidogo, yule mnayesema mnamtetea.

Mama mfanyabiashara, Likoni

Kaka dalali, mimi nilikwenda na fundi. Injini ilikuwa imetiwa oili nzito ya kuficha ugonjwa, haikutoa moshi wala kelele. Siku ya tisa, nikiwa kwenye foleni ya feri, moshi wa bluu ukajaa mpaka abiria wa matatu ya nyuma wakashuka. Nililipa mkopo wa chama miezi saba kwa gari lililolala. Nikaweka injini ya mtumba, kumbe namba ya injini imo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, na ukiibadili lazima NTSA, mamlaka ya usafiri, irekebishe kumbukumbu. Karatasi za kuonyesha ilikotoka ile injini sikupewa. Nimekwama nalo mpaka leo.

Muuzaji alijua. Fundi wake wa zamani alinieleza baadaye kwamba alimwambia mapema kabisa ringi za pistoni, zinazozuia oili isiungue, zimekwisha. Nikimpigia simu, ananisomea ule mstari wa "kama lilivyo".

Mwenye mada

Dada, pole sana. Kisa chako kinamjibu fundi pia: sidai mtu ataje asilolijua. Nasema lile analolijua, aliloambiwa gereji, aliloliona kwenye foleni.

Msingi tayari upo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya kupotosha. Na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, bei ambayo magari yetu mengi hayaifiki. Lakini sheria hizi zinamkaba zaidi mwenye uwanja. Anayeuza gari lake mwenyewe akinyamaza tu, bila kutamka uongo, ni vigumu kumfikisha popote, na magari mengi tunauziana hivyo hivyo, mtu na mtu.

Tazameni bandari ya Kilindini. Gari la mtumba haliingii nchini likizidi miaka 8, na linatakiwa kukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Likishapata mwenyewe hapa, linapita mikono minne na hakuna anayeuliza habari ya injini.

Kaka dalali, hofu yako ya magonjwa ishirini ina haki. Basi yawe maswali manne ya injini, wakati wa kuhamisha umiliki huko eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ambako muuzaji na mnunuzi wote tayari wanathibitisha: inachemka? inakula oili? imewahi kufunguliwa? imebadilishwa? Ndiyo, hapana, sijui. Anayejibu "sijui" kwa gari aliloendesha miaka sita, mnunuzi atajua la kufanya. Bei haitapanda kwa hilo. Ya lile gari la uwanjani ingeshuka, na ilistahili kushuka.

Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri naenda Bamburi na mtu wa kupima kompresheni. Shemeji amekubali kuandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya mauziano: injini inachemka tangu Machi, rejeta haijabadilishwa. Silinda zikiwa sawa, ninalipa. Fundi wa Changamwe, nikikuta utando mwembamba tu kwenye kifuniko lakini kompresheni ni nzuri, wewe ungelichukua?