Pirates wanamharibu Paul Skenes mchana kweupe na tajiri wala hana presha

Wakuu, najua hapa ni Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku, lakini wenzenu tulioko Pittsburgh, Marekani, huu ugonjwa wa besiboli na timu yetu ya Pirates umeshatuingia na leo lazima niteme nyongo. Mods, msiutupe uzi huu kwenye "michezo mingineyo".

Hivi mnamjua Paul Skenes? Mrushaji wetu, msimu wa 2025 alikuwa kijana wa miaka 23. Kwa wasiofuatilia: mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio (ndiyo magoli ya besiboli) anayoruhusu kila raundi 9, na akiwa chini ya 3 huyo ni hatari. Skenes msimu wa 2025 alimaliza na 1.97. Moja nukta tisa saba! Mwaka 2024, akiwa mgeni kabisa kwenye ligi, alikuwa na 1.96, kwa hiyo mtu asiniambie kabahatisha. Sasa tazama mechi zilizoandikwa jina lake: kashinda 10, kapoteza 10.

Kumi kwa kumi, jamani! Anapotezaje mtu asiyepigika? Ni kwamba wenzake hawafungi. Kati ya timu 30 za ligi, Pirates msimu huo ndio walikuwa wa mwisho kwa mikimbio, na ndio wa mwisho kwa homu rani (mpira unaopigwa hadi nje ya uzio). Kijana anafanya kazi yake safi, anakwenda kukaa benchi, anabaki kuwatazama jamaa wanapunga gongo hewani kama wanafukuza nzi.

Na wapigaji wenyewe siwalaumu sana. Oneil Cruz Mei 2025 aligonga mpira uliotoka kwa maili 122.9 kwa saa, kasi ambayo haijawahi kuonekana tangu mitambo ya kupima ianze kutumika 2015. Vipaji vya kudonoadonoa vipo. Mkongwe Andrew McCutchen tunampenda kufa, ila mzee wa watu alikuwa anagonga 39 Oktoba 2025 na bado tulimtegemea yeye!

Mwenye kesi ni tajiri, mmiliki wa timu Bob Nutting, aliyeshika usukani tangu 2007. Mkataba mnono kuliko yote ambao klabu hii imewahi kumpa mchezaji huru ni wa Francisco Liriano: dola milioni 39 kwa miaka 3. Lini? Desemba 2014! Mets wa New York wamempa Juan Soto peke yake milioni 765. Sisemi tushindane na Mets, sijachanganyikiwa. Nasema tu mtafutieni Skenes wapigaji wawili wa maana.

Halafu kuna wale watetezi wa "soko letu dogo". Milwaukee je? Mji wao soko dogo kuliko letu, tuko nao kundi moja, na mwaka 2025 timu yao, Brewers, ilikuwa na rekodi nzuri kuliko timu yoyote ile kwenye ligi. Tena timu kubwa zinakatwa sehemu ya mapato, inaingia mfuko wa pamoja, na sisi tunagawiwa. Hela hiyo inaishia wapi?

Tatizo ligi hii haina kushuka daraja. Kule kwetu timu ikifanya upuuzi huu misimu miwili inajikuta Championship, na kabla ya hapo wanachama wameshamtoa mwenyekiti jasho kwenye mkutano mkuu. Huku ukishika mkia unapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya. Ndivyo tulivyompata Skenes mwenyewe 2023, chaguo la kwanza.

Mei 2025 wakamfukuza kocha Derek Shelton, kana kwamba kocha ndiye anayesajili. Julai wakamuuza David Bednar, mtoto wa hukuhuku, kwa Yankees. Ke'Bryan Hayes wakampeleka Reds, wapinzani wetu wa kundi moja! Tukaletewa zaidi watoto wa ligi za chini. Subirini, watakomaa. Tumesubiri tangu 2015, mara ya mwisho kuonja mechi za mtoano.

Ila lililoniuma kuliko yote ni la Aprili 2025. Ukutani upande wa kulia uwanjani kulikuwa na alama ya namba 21 ya Roberto Clemente, gwiji wetu wa zamani. Huyu alipiga mipira 3,000, akafa kwenye ajali ya ndege Desemba 31, 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko Nicaragua. Wameiondoa, wakaweka tangazo la pombe! Mpaka mashabiki na familia yake walipopiga kelele ndipo ikarudishwa. Ukuta wenyewe ulijengwa futi 21 kwa heshima yake, halafu hakuna hata mmoja ofisini aliyeshtuka?

Uwanjani watu wanaimba "uza timu" na ndege imeshapitishwa juu na bango. Tajiri kimya. Skenes ana haki ya kuondoka baada ya msimu wa 2029, na kwa walivyomfanyia mrushaji wetu wa zamani Gerrit Cole (wakampeleka Houston 2018, akachanua hukohuko), sidhani kama hata huo mwaka tutaufikia naye.

Anayetaka kunishauri nihamie kwa matajiri Dodgers apite kimya kimya. Matusi ruksa, ila yaelekezeni kwa Nutting, dogo muacheni.