Majirani Forest Mpya: Safari ya Ngozi Jumamosi

Mama Atu: Habari za jioni majirani. Mwalimu wetu wa Kifaransa anataka kwenda Ngozi, ziwa la kreta kwenye milima ya Poroto, Jumamosi. Mnaoijua njia, mwelekezeni kabla hajafunga begi.

Mwalimu: Shikamooni. Nina raba za mazoezi na koti moja. Vinatosha?

Baba Neema: Marahaba. Raba ziache, soli yake haina meno. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, ukilowa ni mlenda mtupu. Gambuti zinafaa kwenye tope ila hazishiki kifundo, na mteremkoni vidole vinasukumwa mbele. Tafuta buti za kamba.

Bibi Tusa: Na suruali ndefu, mwanangu. Kuna thabai, majani yanayowasha, pembeni mwa njia. Ikikugusa usisugue, vinyweleo vinazidi kuzama. Osha kwa maji na sabuni.

Baba Neema: Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, ukingo wa Ngozi unapita 2,600. Toa nyuzi 5 za joto, halafu ongeza upepo na ukungu. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, kwa hiyo beba nyingine kavu ubadilishe ukifika juu, kabla hujakaa. Maji lita 2. Tunapanda Kosta za Tukuyu, tunashuka Isongole na kuchukua kiongozi wa njia. Saa 7 mchana tuwe tumeshageuza, mvua ya Poroto hupenda alasiri. Ziwani hatushuki. Ukuta ni mkali mno, tunatazama kutoka ukingoni.

Mwalimu: Swali la lugha. Kiongozi akisema "pale", "kule" au "mle", nielewe nini? Kwa Kifaransa "là-bas" mara nyingi linabeba yote.

Mwl. Mstaafu: Swali zuri sana, na mlimani lina uzito. "Pale" ni mahali dhahiri, unapoweza kupaonyesha kwa kidole: pale kwenye mti ulioanguka. "Kule" ni upande tu, mipaka yake haijulikani. "Mle" ni ndani: mle msituni. Akisema "nisubiri pale", usisogee hata hatua moja. Akisema "elekea kule", shika uelekeo. Pa, ku na m hizo hizo utazisikia kwenye kitenzi. "Kuna utelezi" ni eneo zima, nenda taratibu. "Pana utelezi" ni sehemu moja mahususi, tazama unapokanyaga. "Mna nyoka", usiingize mkono shimoni.

Mwalimu: Nimeandika yote. Asante sana, Mwalimu.

Bibi Tusa: Wazee wa Kinyakyusa washukuru kwa "ndaga". Watafurahi.

Mwalimu: Ndaga, Bibi. Kesho naenda Mwanjelwa kutafuta buti.

Baba Neema: Zijaribu ukiwa na soksi mbili. Piga ncha ya kiatu chini, kidole kikigusa mbele chukua namba inayofuata.

Mama Atu: Viazi na karanga nachemsha mimi Ijumaa usiku. Saa 11:30 alfajiri, getini kwangu.