Naomba ushauri: zirkonia yangu yenye salfeti inazimika baada ya dakika 20

Habari za kazi wakuu. Natengeneza kichocheo cha zirkonia yenye salfeti (oksidi ya zirkoni iliyotiwa asidi ya salfuriki) cha kugeuza butani nyoofu kuwa isobutani, yaani butani yenye tawi. Nilitonesha amonia kwenye myeyuko wa oksikloridi ya zirkoni hadi pH 9, nikaosha mashapo mpaka nitrati ya fedha ikaacha kutoa weupe, yaani kloridi imeisha (siku mbili nzima hizo!), nikakausha kwa nyuzi 110, nikaloweka kwenye asidi ya salfuriki ya 0.5 M, kisha tanurini nyuzi 600 kwa saa 3.

Kipimo cha eksirei kinaonyesha kilele kirefu kwenye pembe ya digrii 30.2, yaani fuwele za umbo la tetragonali ninalolitaka, ila kuna vijilele vya umbo jingine, monokliniki, kwenye 28.2 na 31.5. Kwa nyuzi 200 kinafanya kazi dakika 20 tu. Unga ulioingia mweupe unatoka wa kijivu kama majivu ya jiko. Nimeuchoma upya kwa hewa kavu nyuzi 450; ukaamka, ukalala tena. Kwa hiyo nashuku masizi kuliko unyevu.

Je, vijilele hivyo vinatosha kunifanya nianze upya? Na kabla sijaingia gharama ya kuongeza platinamu kwenye kichocheo ili kuzuia masizi, kuchanganya haidrojeni na butani bila platinamu kutasaidia kweli? Aliyewahi kuhangaika na kitu hiki anijuze tafadhali.