Afisa takwimu kituo cha afya: kazi yangu ni kujaza tu?

MgeniWaTakwimu
Habari za jioni wakuu. Nimeajiriwa karibuni kitengo cha takwimu, kituo cha afya kimoja huku Kanda ya Ziwa. Kila mwisho wa mwezi nakusanya rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), nahesabu tali (alama za kuhesabia wateja), naingiza kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa ripoti za afya). Wenzangu wananiita "mjazaji", na mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) huniuliza kitu kimoja tu: umeshatuma? Kaka na dada zangu wazoefu, kazi hii ina uzito gani hasa?

MzeeWaRejista
Hongera dada kwa ajira. Nipo kwenye MTUHA tangu ripoti zinapelekwa wilayani kwa basi, na nakwambia kutuma ni nusu ya kazi, tena ile nyepesi.

Chukua chanjo. Mtoto hupata Penta (chanjo ya kukinga magonjwa matano) ya kwanza akiwa na wiki 6, ya pili wiki 10, ya tatu wiki 14. Tuseme robo hii una Penta 1 watoto 48, Penta 3 watoto 61. Hao 13 wametoka wapi? Huenda dozi ya kwanza walichomwa walikozaliwa wakahamia kwenu. Huenda karatasi ya tali ya huduma za mkoba (zinazotolewa nje ya kituo) imehesabiwa mara mbili. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeweza kuyatenganisha ni wewe uliyeshika rejista mkononi. Vilevile ukiona uchanjaji umefika asilimia 118, usishangilie bado. Walengwa wako, yaani watoto mnaotarajiwa kuwachanja, ni makadirio yanayotokana na sensa. Ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, lakini kijiji kilichopata mgodi mpya hakisubiri sensa ijayo ndipo kijae.

Njoo kwenye dawa, hapa ndipo panaponiuma. Mseto (dawa ya malaria) ukiisha katikati ya kipindi, matumizi yanasomeka madogo. Mkiagiza Bohari ya Dawa kwa namba hiyo bila kufidia siku ambazo dawa haikuwepo, mtaletewa pungufu, na safari ijayo itawahi kuisha zaidi. Mama anarudi nyumbani na mtoto ana malaria, chanzo ni hesabu yetu!

Halafu rudisha namba kwa walioziandika. Chora chati ya chanjo, ibandike kliniki ya mama na mtoto. Nesi akiona mstari unashuka atakupa sababu hata hujamaliza kuuliza.

Nesi_Mkunga
Mzee kasema kweli. Mimi ndiye ninayejaza. Mjamzito mmoja ana kadi yake, ana mstari wake kwenye kitabu cha 6 (rejista ya wajawazito), ana tali, na foleni nje imefika kwenye mwembe. Afisa takwimu akija na kalamu nyekundu peke yake, watu watamjazia ilimradi. Akikaa na sisi siku ya kliniki, ataelewa. Mfano, kipimo cha kaswende: nikiandika sifuri, maana yake tumepima na hakuna aliyekutwa nayo. Nikiacha wazi, pengine vitendanishi (vya kupimia) vilikuwa vimeisha. Tafadhali usinijazie sifuri pale nilipoacha wazi, njoo uniulize.

Mdau_wa_Sheria
Naongeza moja. Orodha za wateja wa CTC (kliniki ya huduma za VVU) zenye majina zisipite kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama wilayani wana haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Ripoti inataka idadi, majina yabaki kituoni.

MgeniWaTakwimu
Asanteni sana. Na nikikuta kosa la robo iliyopita, mfumo umeshafungwa?

MzeeWaRejista
Rudi kwenye rejista, mhesabu upya pamoja na nesi husika, mfawidhi asaini, kisha muombe mratibu wa MTUHA wa wilaya akufungulie kipindi hicho. Ukikuta namba ilikuwa sahihi, iache ilivyo. Andika kwamba ni watoto waliohamia, uipeleke hoja hiyo kwenye kikao cha kupanga walengwa wa mwakani.