Naomba ushauri: kiini kizito cha atomi kinapasuka au kinatema nyutroni?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha fizikia kidato cha sita huku Mafinga, baridi inauma kweli. Nimekwama hapa: mwaka 1982 kule Darmstadt, Ujerumani, wanasayansi waligonga bismathi-209 kwa ioni za chuma-58. Viini vikaungana, ikatoka nyutroni moja ikibeba joto la ziada, ikabaki elementi nzito ya meitneriamu-266, nayo ikatema alfa (chembe ya protoni mbili na nyutroni mbili). Lakini mara nyingi kiini cha namna hiyo hupasuka vipande viwili kabla hakijapoa.

Kuonyesha kiini kinavyopoa, nilitumia donge la ugali wa moto, mvuke ndiyo nyutroni. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona ugali haupasuki?" Nikabaki na mwiko mkononi. Msukumano wa protoni, ule unaopasua kiini, nauonyeshaje bila maabara? Mwenye mfano anisaidie, kipindi ni Jumatatu.