Lekchara wa kunisimamia filamu fupi nimtoe wapi? Nimekwama

Binti_Donholm: Wasee habari zenu. Niko mwaka wa tatu, yuni ya hapa Nairobi (jina nitaacha), na semista hii kila mtu anatoa filamu fupi lakini lazima kwanza lekchara asaini fomu kwamba anakusimamia. Yangu ni ya kondakta wa matatu ya usiku, wanafika stage ya mwisho anapata mtoto amelala siti ya nyuma na hakuna mtu anamjua. Skripti ni kurasa 26. Nimetumia malekchara wanne imeili, mmoja akajibu "sawa" tu, hao wengine kimya, na fomu inatakiwa wiki tatu zijazo. Niwafuate ofisini ama nitaonekana msumbufu?

Kamera_Mbovu: Pole dadangu. Hizo imeili uliandika nini? Kama ni "naomba uwe msimamizi wangu" na ukabandika kurasa zote 26, hata mimi singejibu. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwa skrini, so unamwambia mtu mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha kwamba unataka kutengeneza karibu nusu saa. Punguza hadi kumi hivi.

Binti_Donholm: Aki ni hivyo hivyo niliandika 😂

Chaki_na_Kahawa: Mimi nafunza, lakini si kwenu. Ukweli ni kwamba tunakwepa kusaini kwa sababu mwanafunzi akishapata sahihi anapotea, anarudi wiki ya mwisho na kitu ameshashuti, sauti haisikiki, na jina lako liko hapo chini. Kwa hivyo usiingie ofisini na ombi, ingia na ukurasa mmoja: hadithi kwa mistari mitano, lokesheni ngapi, siku ngapi, na tarehe za kuleta kazi ambazo umejipangia mwenyewe, skripti, halafu kabla hujashuti, halafu editi ya kwanza. Na swali moja lenye limekushinda kweli. Kuna mmoja aliingia ofisini kwangu akauliza, "Mwalimu, huyu mama alie ama anyamaze?" tukabishana karibu saa nzima, nikasaini kabla hajaniomba. Tena usitafute tu mwenye anajua kamera, kamera utafunzwa na hawa kina Kamera_Mbovu (samahani bro). Nenda idara ya Kiswahili ama fasihi, kuna mtu huko anaishi na tamthilia na hakuna mwanafunzi wa filamu amewahi kubisha mlango wake. Uliza tu kwanza kama kwenu wanakubali msimamizi wa idara nyingine.

Sauti_Kwanza: Hiyo matatu usishuti ikitembea. Ipakini, watu wawili waitingishe kutoka nje, mwingine apitishe taa kwa madirisha kama magari yanapita, nani atajua? Injini ikiwaka inakula maneno yote so mngurumo rekodi kando. Taa za maduka ya stage zikianza kupepesa kwa kamera kumbuka stima yetu ni hezi 50, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mtoto naye usimkeshe, saa moja jioni giza liko tayari, shuti sini zake kwanza arudi kwao, na mzazi aandike kwamba amekubali. Katikati ya jiji bila karatasi kanjo (askari wa kaunti) watakufikia kabla hujawasha kamera. Sura ya 222 ya sheria zetu inataka leseni ya kushuti, so barua ya idara na hiyo leseni muulize msimamizi mapema, si siku ya kushuti.

Binti_Donholm: Nimerudi. Nimefika kurasa 11, nilitoa ile sini ya polisi yote, iliniuma. Leo nimebisha idara ya Kiswahili, mwalimu amesoma ule ukurasa akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akaniuliza, "Kwani huyu kondakta ako na mtoto wake nyumbani?" Sikuwa nimefikiria. Hajasaini, amesema nirudi Alhamisi na jibu. Sasa nani anajua mtu ako na matatu ya kupaki Donholm ama Umoja, jioni mbili tu? Doh ni kidogo lakini chai na mandazi ziko.

Kamera_Mbovu: Njoo inbox, mjomba wangu ako na moja, ila breki zinatengenezwa.

Sauti_Kwanza: Si itakuwa imepaki 😂